Kisiwa Kwenye Hadibodi

Gongo la Mboto hakuna bahari. Kuna reli, kuna Barabara ya Nyerere na njia yake ya mwendokasi, kuna ndege zinazoshuka uwanjani zikiwa chini kiasi cha mtoto kuzitambua kwa rangi ya mkia. Samaki wanakuja alfajiri kwa bodaboda kutoka Feri, ndani ya ndoo zilizofunikwa gunia bichi, na wakishafika kwetu habari za walikotoka zimekwisha. Mtu anauliza bei tu. Kwa hiyo siku nilipoiona ngalawa, nilisimama.

Ilikuwa imechorwa kwenye ubao wa banda la kukaangia samaki, upande wa kuelekea Guruka Kwalala. Mabanda mengi ya namna ile huchorwa samaki mmoja mnene mwenye jicho la duara, amelala kwenye sahani pamoja na kipande cha ndimu. Ubao huu haukuwa na samaki hata mmoja. Ulikuwa na ngalawa inayorudi pwani, tanga limejaa, mrengu wa upande mmoja umenyanyuka kidogo juu ya maji, na watu watatu ndani: mmoja ameshika usukani, mmoja anafua maji kwa upo, wa tatu amelala chali, mkono umemfunika macho. Huyo wa tatu ndiye aliyenishika. Mtu anayetunga bahari kichwani asingemweka. Anayejua kwamba wenzake walitoka usiku wa manane na kuvuta nyavu mpaka jua likachomoza, ndiye anayejua pia kwamba wakati wa kurudi kuna mmoja atakayelala, na hakuna atakayemwamsha.

Mwenye banda alinielekeza kwa aliyeuchora. Mtaani wanamwita Fundi. Yeye mwenyewe ameniomba jina lake lisiingie gazetini, basi litabaki hilo hilo. Amepita miaka 70. Kazi yake ni vibao: saluni, gereji, duka la dawa, “Nyumba hii haiuzwi”, “Usimwage taka hapa”. Ukitoka Ukonga mpaka Pugu Kajiungeni umekwishasoma mkono wake mara nyingi bila kujua. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilimlisha na kumsomeshea watoto. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine. Mteja anapeleka picha iliyo kwenye simu asubuhi, jioni anaondoka na bango lake limekunjwa kwapani. Fundi anaweza kukaa siku tatu bila kuagizwa kitu. Ni katika siku hizo za kukaa ndipo alipoanza kuchora kwao.

Kwao ni Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia. Kutoka hapa Gongo la Mboto kwenda huko ni safari ya kujipanga: Mbagala kwanza, kisha barabara ya kusini, kuteremka Nyamisati kusubiri chombo cha Kilindoni, gari kuvuka kisiwa kikubwa mpaka Utende, halafu mashua. Ardhi ya Jibondo ni mawe ya matumbawe na udongo wake ni haba, hivyo watu wake wameishi kwa bahari na kwa mikono. Sifa yao ya zamani ni kuunda vyombo. Wanaume huchonga mataruma na kukalafati, wanawake hushuka mwambani maji yakitoka, kila mmoja na kijiti chake, kutafuta pweza. Tangu mwaka 1995 maji yanayokizunguka kisiwa hicho yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na wageni wanakuja kutoka mbali kupiga mbizi na kutazama samaki.

“Shikamoo mzee,” nilimwambia siku ya kwanza. “Ile ngalawa ya kwenye banda la samaki umeitoa wapi?”

“Marahaba. Nimeitoa wapi?” Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa ametoa wapi pua yake. “Yule aliyelala ni kaka yangu, mwanangu.”

*

Nilikuwa na sababu ya kumtafuta. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za wazee waliochora visiwa, na mmoja kati yao hanitoki kichwani. Anaitwa James Dixon. Alizaliwa mwaka 1887 katika kisiwa cha Tory, kaskazini magharibi mwa Ireland, na kufariki huko huko mwaka 1970. Tory ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 5 hivi na upana usiofika hata 2 mahali pengi, kilomita zaidi ya 10 kutoka bara, hakina miti, kina mnara wa taa upande wa magharibi na vijiji vichache. Bahari ikichafuka hakuna kuingia wala kutoka. Mwaka 1974 dhoruba zilikikatia mawasiliano kwa wiki kadhaa mfululizo, na baada ya hapo familia nyingine zilikata tamaa zikahamia bara.

Dixon alikuwa mvuvi na mkulima wa kipande chake cha ardhi. Kuchora hakukuwa jambo lake. Katika miaka ya 1950 mchoraji Mwingereza, Derek Hill, alianza kufika Tory na kupanga kibanda karibu na mnara wa taa ili achore bahari na miamba. Jumapili moja watu walikuwa wametoka misani, wengine wakasogea kumtazama mgeni akifanya kazi. Dixon, akikaribia miaka 70 wakati huo, alitazama, kisha akasema kwamba yeye angeweza kufanya vizuri zaidi. Mzee wa kisiwani kumwambia hivyo mtu aliyesomea kazi yake!

Hill angeweza kucheka, au kukasirika. Badala yake alimwambia basi jaribu, na akaahidi kumletea rangi, karatasi na brashi. Rangi na karatasi Dixon alizipokea. Brashi alizikataa, akasema atatengeneza zake kwa manyoya ya mkia wa punda wake. Alianza hapo na hakuacha mpaka alipokufa. Alichora vyombo vikipambana na mawimbi, nyangumi, ndege wa baharini, kijiji chake cha magharibi, watu wakifika na kuondoka. Juu ya picha yenyewe aliandika kilichochorwa, tarehe na jina lake, kama mtu anayejaza daftari la safari za chombo. Picha zake zikaonyeshwa Belfast na London katika miaka ya 1960, na nyuma yake wakatokea wachoraji wengine wa kisiwa hicho hicho, ndugu na majirani, wavuvi kama yeye.

Jambo ninalolipenda kwa Hill ni kwamba hakumfundisha. Alikuwa na elimu, alikuwa na jina, alikuwa na rafiki kila jumba la sanaa. Alichotoa ni rangi na karatasi, halafu akampisha mzee achore.

Nilimfungulia Fundi picha za Dixon kwenye simu. Alivaa miwani, akaivua, akaisogeza simu usoni. Akaigeuza kiubavu. Nilidhani hazijampendeza, maana kwa mtu aliyezoea picha za kalenda zile kazi zinaonekana mbichi: maji yamepakwa kwa mapigo ya kijivu, kijani na nyeupe yanayokwenda kila upande, kisiwa kinaonekana kutokea juu kama unavyokiona ukiwa ndani ya ndege, lakini nyumba zake zinaonekana kwa mbele, na chombo ni kikubwa kuliko mlima.

“Huyu alikuwa mvuvi,” alisema.

Nilikuwa sijamwambia. Nikamuuliza amejuaje.

“Chombo kikubwa, kisiwa kidogo.” Akanirudishia simu. “Ukiwa nchi kavu unaona kisiwa kikubwa na chombo kidogo. Ukiwa chomboni ni kinyume. Na bahari mbaya haina huku wala huku, mwanangu. Haina mbele. Iko hivyo hivyo alivyoipaka.”

Nimesoma wataalamu waliolieleza jambo hilo kwa kurasa nyingi. Sijasoma aliyeliweka wazi kama alivyoliweka mwandika vibao wa Gongo la Mboto, akiwa amekaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa chini juu.

*

Mzee mwingine niliyemsoma ni Alfred Wallis. Huyu hakuwa wa kisiwani, alikuwa wa mji wa bandari wa St Ives, kusini magharibi mwa Uingereza, lakini kisa chake na cha Dixon ni ndugu, na picha zao ziliwahi kuwekwa pamoja katika maonyesho mamoja mwishoni mwa miaka ya 1990. Wallis alizaliwa mwaka 1855. Ujanani alikuwa baharia na mvuvi, akavuka Bahari ya Atlantiki mpaka Newfoundland, baadaye akafungua duka la kununua na kuuza vyuma chakavu na vifaa vya vyombo. Mke wake alifariki mwaka 1922. Miaka mitatu hivi baadaye, akiwa na miaka 70, akaanza kuchora ili apate wa kukaa naye nyumbani.

Hakununua turubai. Alipokea makaratasi magumu ya maboksi kutoka kwa wenye maduka ya vyakula, na kama boksi lilikatika upande, picha ilikuwa na upande uliokatika. Hakununua rangi za wasanii. Alitumia rangi za kupakia boti, kwa sababu ndizo alizozijua na ndizo zilizokuwa za kweli kwake: kijani cha maji, kahawia ya tanga, nyeusi, nyeupe. Agosti mwaka 1928 wachoraji wawili vijana, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuwa wanapita mbele ya nyumba yake, mlango uko wazi, wakaona ukuta umejaa meli zilizopigiliwa misumari. Walibadilisha uchoraji wao wenyewe baada ya kumwona mzee yule. Yeye hakubadilika. Katika barua zake alieleza kwamba anachora vitu vilivyokuwepo zamani, kwa kumbukumbu yake, kwa sababu havipo tena. Alifariki mwaka 1942 katika nyumba ya kutunzia maskini, ingawa majumba makubwa ya sanaa leo yanazitunza picha zake kwa kufuli na mitambo ya kupimia unyevu.

Rangi ya boti. Fundi aliposikia hilo alicheka kwa furaha, akainuka na kunionyesha makopo yake. Ni rangi zile zile za duka la vifaa vya ujenzi anazoandikia “Kinyozi”. Anachonunua zaidi ni nyeupe na bluu, mengine anachanganya. Ili kupata rangi ya deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini ya chombo, anatia nyeupe, tone la njano na vumbi kidogo la pale pale mlangoni kwake. “Bila vumbi inang’aa mno,” aliniambia. “Deheni haing’ai.”

Msomaji wa Dar es Salaam atakuwa ameshakumbuka kwamba habari hii ya rangi tunayo nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alifika mji huu kama vijana wengi wa kusini, akafanya vibarua vya kila namna, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya silingibodi vya futi mbili kwa mbili kwa kutumia rangi za baiskeli. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wameifikisha kazi ile Ulaya na Japani, na hadi leo unaweza kuwatembelea pale pale. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama mlinzi, akaonyesha vinyago vyake, akawa msanii wa dunia. Kisukari kilimchukua miguu yote miwili na bado aliendelea kufanya kazi mpaka mwaka wa kifo chake, 2005. Hao wanajulikana, na nimewataja kwa sababu moja: hapa kwetu hakujawahi kukosekana mkono, na silingibodi na kopo la rangi vimewahi kutosha.

Nilimuuliza Fundi kwa nini naye asichore twiga na tembo, maana wanauzika. Hakukasirika. Alisema hajawahi kuishi na twiga.

*

Visiwa vyetu vimechorwa sana, lakini kwa jicho la anayepita. Hilo lina historia ndefu duniani. Paul Gauguin aliondoka Ufaransa mwaka 1891 kwenda Tahiti kutafuta maisha ambayo hayajaguswa. Alipofika alikuta mji wa kikoloni, mabati juu ya nyumba na wanawake waliovaa magauni marefu ya wamisionari. Alichora alichokitaka badala ya alichokikuta, akaishi na mabinti wadogo wa kisiwani kwa namna ambayo leo hatuwezi kuisoma bila uchungu, na mwaka 1901 akasogea mbali zaidi, visiwa vya Marquesas, alikofia mwaka 1903 akiwa na miaka 54. Picha zake zina rangi zisizosahaulika. Lakini ukizitazama kwa muda utagundua kwamba ndani yake hakuna anayechelewa popote, wala anayehesabu chochote, wala anayeziba tundu la mtumbwi.

Ndivyo zilivyo picha nyingi za pwani zinazouzwa kwetu: jahazi jeusi mbele ya jua jekundu, mnazi umeinama, hakuna mtu. Tanga la jahazi hilo mara nyingi limefungwa kwa namna ambayo upepo wa kwanza ungelipasua. Ni picha za kupeleka nyumbani mwa mtu mwingine.

Siyo kwamba lazima uzaliwe mahali ndipo upaone. John da Silva alizaliwa Goa mwaka 1937, akafika Unguja akiwa mtoto, na umri wake akautoa kuuchora Mji Mkongwe: milango yake, baraza, roshani, vichochoro vinavyopinda. Alikaa. Hiyo ndiyo tofauti. Alikaa mpaka akajua ukuta gani umeanza kuvimba na roshani ipi imeondolewa. Na tunajua sasa kazi kama hiyo ni ya nini, kwa sababu Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, hapo hapo Mji Mkongwe, ilianguka mchana kweupe, watu wawili wakapoteza maisha, na jengo ambalo kila mmoja alidhani litakuwepo likawa halipo.

Mtepe nao uliondoka hivyo, ila polepole. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga lake la ukili uliosukwa, macho yamechorwa mbele ili kione njia. Visiwa vya kaskazini mwa Lamu vilikuwa navyo kwa karne nyingi, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vikaisha. Tunalijua umbo lake kwa picha chache, kwa vielelezo vilivyomo majumba ya makumbusho, na kwa michoro ambayo mingi ni ya wageni waliokuwa wanapita. Mafundi walioshona, kwa ninavyojua, hawakuchora. Walichora macho ya chombo, na hayo yakaenda na mbao zake.

Naomba niseme hili wazi, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike: tunao wazee wa visiwani wametapakaa pembezoni mwa jiji hili, Gongo la Mboto, Majohe, Mbagala, Kigamboni. Wametoka Jibondo, Songo Songo, Tumbatu, Kojani, Koma. Wanalinda maduka, wanauza kahawa, wanaandika vibao. Vichwani mwao mna dema linavyosukwa, mna namna ya kusoma rangi ya maji juu ya mwamba, mna majira ya dago ambapo wavuvi wa Kojani huhama na kambi zao kufuata samaki. Tunawauliza habari za siasa za zamani. Hatuwapi ubao.

*

Kuna picha moja ya Dixon ambayo Fundi aliitazama kuliko zote. Ni ile ya meli ya kivita ya Uingereza, Wasp, iliyogonga mwamba wa Tory alfajiri ya Septemba 22, 1884. Watu 52 walikufa, 6 wakaokoka. Meli ilikuwa njiani kwenda kuwachukua maofisa waliokuwa wanakwenda kuwafukuza wapangaji kwenye ardhi katika kisiwa kingine, na wenyeji wa Tory walisimulia kwa vizazi kwamba mawe ya kisiwa chao ya kuapizia yaligeuzwa siku hiyo kuiapiza. Dixon hakuiona ajali. Alizaliwa miaka mitatu baadaye. Aliisikia kutoka kwa wakubwa, akakaa nayo miaka mingi, ndipo akaipaka.

“Sisi tumechora ya Ukara?” Fundi aliuliza.

Alikuwa na maana ya kivuko cha MV Nyerere. Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kilikuwa kinatoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara. Kilikuwa kimekaribia kabisa kufika gatini Bwisya, watu wa nchi kavu wanawaona waliomo, kilipopinduka. Waliokufa walizidi 220. Siku mbili baadaye fundi wa mitambo alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichokuwa kimelala kichwa chini. Tuna picha za simu za siku ile, nyingi, na wengi wetu tulizifuta kwa kutoweza kuzitazama. Mchoro wa mkono wa mtu wa Ukara, anayejua nani alikuwa amekaa wapi na nani alikuwa amebeba nini kutoka gulioni, sijauona popote.

Nikamwambia sijui kama umechorwa. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumekaa Gongo la Mboto, nikamuuliza kuhusu ule usiku wetu wenyewe, Februari 16, 2011, ghala la mabomu lilipolipuka. Nyumba zilitikisika mpaka mbali, vyuma vilianguka juu ya mapaa, zaidi ya watu 20 walikufa. Watu walikimbia kwa miguu usiku kucha kuelekea mjini, wengine wakalala Uwanja wa Uhuru, na asubuhi redio zilikuwa zinasoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Yeye alikuwepo. Alitembea na mjukuu mgongoni mpaka Tazara.

“Hiyo hujaichora?”

Alikaa kimya kwa muda. Alisema rangi ya anga ya usiku ule anaijua, na ameshaichanganya mara mbili, na mara zote mbili aliitumia kwenye kazi nyingine. Aliyonayo zaidi ni miguu ya watu: ndala moja moja zilizoachwa barabarani, nyingi, za rangi zote. Angeanza na ndala. “Lakini vibao ni vya wateja,” alisema. “Ukichora chako, kesho unakosa cha mteja.”

Wiki iliyofuata nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua hadibodi moja ya futi nane kwa nne. Seremala akaikata vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, vipimo vile vile vya Tingatinga. Nikaongeza brashi tatu mpya na makopo mawili ya rangi. Brashi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, halafu akachukua wembe na kuzikata nywele zake mpaka zikabaki fupi kama za kupigia kiatu. Alisema brashi ndefu haichori kamba.

Sikumwagiza ndala. Nilidhani hilo ni lake, litakuja likitaka. Nilimwomba kipande kimoja tu, nitakacholipia kama mteja mwingine yeyote: wanawake wa Jibondo wakitafuta pweza, mama yake akiwa mmoja wao kama anamkumbuka.

“Namkumbuka,” alisema.

Aliegemeza hadibodi ukutani, akaipaka nyeupe, akaiacha ikauke tukinywa kahawa. Ndege ilipita, kopo likatetemeka juu ya saruji. Alipokuwa tayari alichovya brashi, akainyanyua, akasita.

“Bamvua au maji mafu?”

Sikuelewa kwa nini ananiuliza mimi. Akanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtoto wa bara. Maji mafu bahari haitoki sana, wanawake hawashuki, au wakishuka ni kando kando tu na hawapati kitu. Bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanakwenda mbali mpaka mwamba wote unabaki wazi, na wao wanayafuata mpaka ukingoni kabisa, kwenye povu, wakiangalia nyuma mara kwa mara kwa sababu yakianza kurudi yanarudi kwa kasi. Kwa hiyo lazima ajue. Kama ni maji mafu mama atakuwa karibu na atakuwa mkubwa, uso wake utaonekana. Kama ni bamvua atakuwa mbali.

Nilimwambia achague yeye.

Alifikiri kidogo. Kisha akavuta mstari mmoja wa kijivu juu kabisa ya ubao, vidole vitatu kutoka ukingoni, akauacha mchanga wote chini yake ukiwa mtupu, na juu ya ule mstari, kwa ncha ya brashi, akaanza kuweka nukta ndogo ndogo za rangi ya kanga, moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa majina.